Pikapu ya Shingoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Hambaka ya Gitaa la Umeme

Mpigaji wa gitaa la kwaya anayeishi Izia, katika Manispaa ya Sumbawanga, anapotaka kubadilisha pikapu ya gitaa lake, kwa kawaida hana duka la jirani ambamo ataishika bidhaa hiyo, ataipima na kuisikiliza. Huagiza kwa simu kutoka Mbeya au Kariakoo, hulipa kwa simu hiyo hiyo, na mzigo humfikia kwa basi ukiwa ndani ya kiboksi kidogo. Ununuzi wa namna hii ni halali, na kwa wakazi wengi wa nyanda za Ufipa ndio uliopo. Hata hivyo, humfanya mlaji ategemee maneno ya muuzaji kwa kila jambo. Na maneno yatumikayo katika biashara ya pikapu ni mengi, yana sura ya kitaalamu, na mara nyingi hayaelezi kile ambacho mlaji anadhani yanaeleza.

Pikapu tunayoizungumzia, bila shaka, si gari. Ni kile kifaa kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Magitaa mengi huwa na pikapu mbili au tatu: moja karibu na daraja, mahali nyuzi zinapofungwa, na nyingine karibu na shingo. Makala haya yanahusu hiyo ya shingoni, na hasa aina iitwayo hambaka. Ndiyo itoayo sauti nene na laini ambayo wapigaji wa solo hupenda kuitumia katika nyimbo za taratibu, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi na uchaguzi unaofuata tarakimu kubwa.

Hambaka ni nini

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungukwa na koili ya waya mwembamba wa shaba. Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma, na sumaku huzipa usumaku kiasi. Uzi unapotikisika juu ya koili, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme mdogo unaopelekwa kwenye amplifaya. Ndiyo sababu gitaa lenye nyuzi za nailoni halitoi sauti yoyote kwa pikapu ya namna hii.

Taabu ni kwamba koili haichagui. Hunasa mtikisiko wa uzi, na hunasa pia mvumo unaotoka kwenye nyaya za umeme, taa na mashine zilizo karibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake ndio ule mngurumo mzito unaosikika mpigaji anapoacha kupiga. Fundi Seth Lover wa kampuni ya Gibson, Marekani, aliombea hataza ya dawa yake mwaka 1955, na hataza ikatolewa mwaka 1959. Aliweka koili mbili kandokando, sumaku ya moja ikielekea kinyume na ya pili, na koili zenyewe zikaunganishwa kinyume. Mvumo wa nje ukiingia katika koili zote mbili hujifuta wenyewe. Sauti ya nyuzi, kwa kuwa sumaku nazo zimegeuzwa, hujumlishwa. Jina la hambaka latokana na kazi hiyo ya kuuzima mvumo.

Kwanza hakikisha kwamba pikapu ndiyo yenye kosa

Walaji wengi hununua hambaka kwa sababu moja kati ya mbili: gitaa linavuma, au pikapu ya shingoni inatoa sauti iliyoziba kama ya mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. Sababu zote mbili zaweza kuwa za kweli. Zaweza pia kuwa hazihusiani na pikapu kabisa, na fedha itakayotumika isilete tofauti yoyote. Kwa hiyo tunashauri majaribio ambayo hayana gharama.

Washa amplifaya, chomeka gitaa, kisha shusha kirekebisha sauti kilicho kwenye gitaa hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, asili yake iko nje ya gitaa: kebo, amplifaya, au umeme wa jengo. Hambaka haitausaidia. Mvumo ukitoweka, pandisha tena sauti, simama na gitaa likiwa mwilini, na ujizungushe polepole mahali ulipo. Mvumo unaopungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka ni ule unaonaswa na koili, na hapo hambaka ndiyo dawa yake. Usiobadilika kwa kugeuka huenda unatokana na nyaya za ndani ya gitaa zisizo na kinga au zilizolehemiwa vibaya. Kazi ya fundi ya nusu saa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kwa miaka mingi Sumbawanga imetumia umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na ule wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na makanisa na kumbi nyingi zina majenereta yao madogo kwa siku umeme unapokatika. Jenereta dogo lisilofungwa waya wa ardhi huleta mvumo ambao hakuna pikapu duniani iliyotengenezwa kuuzuia. Huleta pia hatari kubwa kuliko mvumo. Ikiwa mvumo unaongezeka unapogusa nyuzi, au ukihisi mwasho wa umeme mdomo unapogusa maikrofoni ilhali mikono iko kwenye nyuzi, zima vyombo vyote mara moja. Hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhi haupo au umekatika, na mara nyingi chanzo ni plagi ya pini tatu iliyong'olewa pini moja ili iingie kwenye soketi ya tundu mbili. Mpigaji hupigwa na umeme akiwa ameshika gitaa kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine, na watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Mwite fundi umeme mwenye leseni kabla ya kufikiria pikapu.

Sasa sauti iliyoziba. Katika kwaya nyingi gitaa halina amplifaya yake. Huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, katika tundu lile lile linalopokea kinanda. Kinanda hakidhuriki. Lakini pikapu ya gitaa isiyotumia betri inahitaji kupokelewa na kifaa chenye ukinzani mkubwa sana, kwa kawaida omu milioni moja hivi, na matundu mengi ya mikisa hayafikii hata sehemu ya ishirini ya kiasi hicho. Matokeo yake ni kwamba sauti za juu humezwa kabla hazijafika popote. Pikapu ya daraja, ambayo kwa asili ni kali, huvumilia. Ya shingoni huzama. Mpigaji husikia tope, hulaumu pikapu, hununua nyingine iliyo na nguvu zaidi, na tope huongezeka. Kabla ya kununua, azima amplifaya ya gitaa kwa siku moja na usikilize. Tofauti ikiwa kubwa, unachohitaji ni kiboksi cha DI kinachokaa kati ya gitaa na mikisa, au mikisa yenye tundu lililoandikwa kuwa ni la gitaa.

Lipo jaribio la tatu, nalo hufanywa kwa bisibisi tu. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na pikapu ya shingoni. Ikiwa ni milimita moja, pikapu iko juu mno. Ishushe hadi milimita mbili na nusu au tatu. Pikapu iliyokaribia nyuzi kupita kiasi huzivuta kwa sumaku yake, sauti hukosa uwazi, na hata ulinganifu wa noti huyumba.

Kwa nini shingoni kuna masharti yake

Tazama kamba ya kuanikia nguo inapopigwa na upepo wa Ufipa. Katikati hupepea sana, na karibu na mti ilipofungwa haisogei. Uzi wa gitaa hufanya hivyo hivyo. Pikapu ya shingoni huwa takriban robo ya urefu wa uzi kutoka kwenye daraja, mahali ambapo uzi unasogea kwa upana. Ya daraja iko mahali uzi unaposogea kidogo. Kwa hiyo ya shingoni hupokea mtikisiko mkubwa na ulio mzito, wenye besi nyingi kuliko sauti za juu, hata kama pikapu zote mbili ni pacha.

Kutokana na hilo, watengenezaji wengi huipa pikapu ya shingoni mizunguko michache ya waya kuliko ile ya daraja. Lengo ni kwamba mpigaji akigeuza swichi kutoka moja kwenda nyingine, nguvu ya sauti isiruke, na shingoni pabaki na uwazi wa kutosha kutofautisha noti moja na inayofuata. Muuzaji anayekwambia kwamba pikapu yenye nguvu zaidi ni bora zaidi, bila kuuliza utaiweka wapi, amekwisha kukuonyesha kiasi cha ujuzi wake.

Mtindo wa muziki nao una neno. Katika dansi letu na katika kwaya, gitaa la solo na lile la ridhimu husukana. Kila moja hupiga noti safi, fupi, juu ya shingo, na msikilizaji hufurahia kuzitenganisha. Maelezo mengi ya pikapu yaliyo kwenye maboksi yameandikwa kwa ajili ya wapigaji wa roki wanaotafuta sauti iliyopasuka. Hambaka iliyosokotwa kwa kusudi hilo, ikiwekwa shingoni na kupigiwa dansi, huunganisha noti zote kuwa wingu.

Tarakimu ya omu, na kile isichosema

Muuzaji atakupa tarakimu: saba na nusu, nane, kumi na tatu. Hizo ni kilo-omu za ukinzani wa waya, na hupimwa kwa mita ya kawaida ya fundi redio. Hambaka za mwanzo za Gibson, ambazo hadi leo ndizo kipimo cha wengi, zilikuwa kati ya 7 na 9 hivi. Kwa pikapu ya shingoni itakayotumika katika kwaya au bendi ya dansi, maoni yetu ni kwamba mlaji atafute iliyo kati ya 7 na 8, yenye sumaku ya alniko, na awe na sababu mahususi kabla ya kupanda juu ya hapo.

Lakini tarakimu hiyo si kipimo cha nguvu, na hapa ndipo walaji wengi wanapopotoshwa, wakati mwingine na wauzaji ambao nao wamepotoshwa. Ukinzani hutegemea urefu wa waya na unene wake. Hambaka ya kawaida ina mizunguko takriban 5,000 katika kila koili, kwa waya wenye unene wa milimita 0.063. Mtengenezaji akitumia waya mwembamba zaidi, wa milimita 0.056, kwa mizunguko ile ile, ukinzani hupanda kwa takriban robo ilhali nguvu ya sauti haijaongezeka kwa kiasi hicho. Mita, isitoshe, haioni sumaku kabisa. Pikapu mbili zinazosoma 8 sawasawa, moja ikiwa na alniko ya daraja la pili na nyingine ikiwa na sumaku ya seramiki, hutoa sauti ambazo hata asiye mwanamuziki atazitofautisha.

Alniko ni mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti, na jina lake limeundwa kwa silabi za madini hayo matatu. Madaraja yanayotumika zaidi katika pikapu ni la pili na la tano. La pili ni dhaifu kidogo, na sauti yake ni ya upole. La tano lina nguvu zaidi, besi iliyokaza na sauti ya juu iliyo wazi. Seramiki ni kali na ya bei nafuu, na haipaswi kudharauliwa, ila shingoni huhitaji mtengenezaji aliyeipangia kazi hiyo. Muuzaji akishindwa kukutajia aina ya sumaku, mwombe picha ya maelezo ya mtengenezaji. Asipokuwa nayo, basi kile anachokuuzia hakijui.

Tuongeze jambo dogo kwa watakaopima wenyewe. Shaba hubadili ukinzani kwa joto, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Pikapu iliyosoma 7.8 mchana wa Dar es Salaam itasoma takriban 7.4 asubuhi ya Julai Sumbawanga, na hakuna aliyekudanganya. Lakini ikisoma 4, koili moja haifanyi kazi au imeunganishwa visivyo. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika ndani, na pikapu hiyo kwako ni kipande cha chuma.

Vipimo vya nafasi na rangi za nyaya

Hambaka ya kawaida ina urefu wa milimita 70 na upana wa milimita 38 hivi. Gitaa lililotobolewa kwa ajili ya pikapu ya koili moja, kama yalivyo magitaa mengi yanayofuata umbo la Stratocaster, halitaipokea bila kuchongwa upya. Zipo hambaka nyembamba zilizotengenezwa zikae katika tundu hilo, na kwa maoni yetu ndizo za kununua kwa gitaa la namna hiyo. Mbao ikishachongwa hairudi, na thamani ya gitaa hushuka pamoja na vumbi lake.

Pima pia umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita mahali pikapu itakapokaa. Shingoni kwa kawaida ni milimita 49 au 50. Kwenye daraja hufikia 52 au 53, kwa kuwa nyuzi hutanuka. Wauzaji wengine huuza pikapu ya daraja kama ya shingoni kwa kuwa kwa macho zinafanana. Itafanya kazi, lakini vichwa vya skrubu vitapita nje ya nyuzi za pembeni, na hukununua hicho.

Kuhusu nyaya, hambaka huja na waya mmoja wenye kinga au nyaya nne. Zenye nyaya nne humwezesha fundi kuweka swichi ya kuzima koili moja. Hapa pana mtego: watengenezaji hawakubaliani kuhusu rangi. Kwa Seymour Duncan waya mweusi ndio unaopeleka sauti. Kwa DiMarzio waya mweusi huunganishwa na mweupe na kufungwa, na mwekundu ndio unaopeleka sauti. Fundi akifuata mchoro usiohusika, koili zaweza kupingana. Sauti ya nyuzi hujifuta na kuwa nyembamba, na mvumo ndio unaojumlishwa, kinyume kabisa cha kile ulicholipia. Dai mchoro wa pikapu ile ile uliyonunua. Hakikisha pia kwamba virekebisha sauti vya gitaa ni vya kilo-omu 500. Vile vya 250, vinavyokaa katika magitaa ya koili moja, hupunguza uwazi ambao shingoni hautoshi tangu mwanzo.

Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 ni jamii nyingine, zina virekebisha sauti vyake, na si vyema kuchanganya moja na zisizo na betri katika gitaa moja.

Maandishi yaliyo nyuma

Hambaka za Gibson za miaka ya 1957 hadi 1962 zilibandikwa kikaratasi kilichotangaza kwamba hataza imeombwa. Leo vikaratasi vya kuiga vinauzwa peke yake kwa fedha kidogo, na kwa hiyo haviwezi kuthibitisha umri wa pikapu yoyote. Wala hata vilivyofuata havikuwa na ukweli wa kutosha: baada ya hataza kupatikana, kampuni ilibandika namba 2,737,842, ambayo si ya pikapu bali ni ya kifaa cha kufungia nyuzi cha Les Paul. Ikiwa mwenye bidhaa mwenyewe aliweza kubandika namba isiyohusika kwa miaka, mlaji asitegemee kibandiko kwa ununuzi wa shilingi laki kadhaa.

Bidhaa bandia zenye majina ya chapa mashuhuri zipo, na kuuza bidhaa yenye alama ya biashara ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85. Lakini ni haki kusema pia kwamba pikapu isiyo na jina si bandia. Karakana nyingi za Asia hutengeneza hambaka nzuri zisizojulikana, na muuzaji anayekwambia wazi kwamba haina chapa, ni alniko ya tano, inasoma 7.6, amekupa taarifa nyingi kuliko yule aliyekuonyesha jina kubwa na boksi lisilo na kitu kingine.

Wapo wanaouza vifuniko vyenye umbo la hambaka vikiwa na koili moja ndani. Utambuzi wake ni rahisi. Chukua dira, hata ile ndogo ya wanafunzi, na uipitishe karibu na safu moja ya vichwa vya skrubu, kisha karibu na upande wa pili wa pikapu. Katika hambaka ya kweli, upande mmoja huvuta ncha moja ya sindano na upande wa pili huvuta ncha nyingine. Sindano isipogeuka, uliza maswali.

Mzigo unapofika

Tuchukue mfano. Mpigaji wa Izia ameambiwa kwa ujumbe wa simu kwamba anauziwa hambaka ya shingoni, alniko ya tano, nyaya nne. Amelipa shilingi 180,000. Kiboksi kimefika stendi, na fundi wake yuko tayari na kifaa cha kulehemu. Hatua atakayochukua katika saa moja inayofuata ndiyo itakayoamua nafasi yake kisheria.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Inampa mnunuzi fursa ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Inasema pia kwamba mnunuzi akitenda jambo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, amekwisha kuikubali. Kukata nyaya za pikapu na kuzilehemu ni tendo la namna hiyo. Kwa hiyo ipige picha ingali na boksi lake, ipime kwa mita katika ncha za nyaya bila kuzikata, ipitishie dira, pima umbali wa vichwa vya skrubu, hesabu nyaya. Kazi hiyo ni ya dakika 15. Ikiwa kitu hakilingani na ulichoambiwa, irudishe kwenye boksi na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Ukishaikata, haki yako kwa kasoro zilizofichika haifutiki, lakini haki ya kuirudisha hupungua nguvu, na mabishano kuhusu nani aliyeivunja huanza.

Yale maandishi yaliyozoeleka madukani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayamwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, aina au asili ya bidhaa, na mazungumzo ya simu yanahesabiwa sawa na mazungumzo ya kaunta. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kutoipenda sauti si kasoro. Pikapu iliyo nzima, iliyo kama ilivyoelezwa, ambayo masikio yako hayakuikubali, muuzaji halazimiki kuipokea isipokuwa mlikubaliana hivyo kabla. Basi kubalianeni kabla, kwa maandishi, na mtaje ni nani atakayelipa nauli ya mzigo kurudi; kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na gharama hiyo ndiyo huwafanya walaji wengi wanyamaze.

Malalamiko yakiwasilishwa Tume ya Ushindani, yaambatanishe na risiti ya mashine ya kielektroniki, ujumbe wa malipo wenye jina lililosajiliwa la aliyepokea fedha, mazungumzo yote ya simu bila kufuta hata yale yasiyokupendeza, stakabadhi ya basi, na picha za pikapu ikiwa bado haijakatwa nyaya. Muuzaji akikwambia kwamba risiti itafuata na mzigo, mwambie kwamba malipo nayo yatafuata na risiti.